Alama Mbele ya Wakati

Balige, 3 Novemba 1985

Bere yangu Tiarma,

Horas! Mimi Tulang wako, kaka wa mama yako, ni mzima wa afya, meno yote yapo isipokuwa mawili, na kifua kimevimba kwa majivuno ambayo mchungaji anasema niyatubu. Wiki hii situbu. Mama yako hajambo. Goti linamsumbua akipanda ngazi za soko, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mke wangu, Nantulang wako, anakusalimu sana na anauliza kama huko Trieste wanakula wali au wanakushindisha na tambi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Gazeti la Medan la Jumatano limeandika kwamba binti wa Balige, Dokta Tiarma Silaen, amepiga hesabu iliyowatoa jasho maprofesa wa Ulaya, kuhusu ulimwengu wenye mielekeo kumi. Nimechukua nakala tisa. Moja nimeibandika mkahawani, juu ya meza yetu ya sataranji, ili Baba Hotman aione kila ninapomla malkia wake. Aliisoma mara mbili, akaniambia, "Mielekeo kumi? Mimi naona mitatu: urefu, upana na kimo. Nikinywa tembo, minne." Watu wakacheka mpaka mwenye mkahawa akamwaga kahawa.

Mimi nilimtetea bere yangu kama kawaida. Lakini wewe na mimi tuongee kama ndugu. Ulipokuwa na miaka kumi na minne ulimwambia mchungaji, mbele ya darasa zima la kipaimara, kwamba hukariri katekisimu mpaka akuonyeshe anayoyasema. Mimi mzee wa kanisa nilitamani ardhi inimeze. Leo unatuambia kuna mielekeo sita iliyojikunja, midogo hata hadubini haiioni. Je, nani amekuonyesha wewe? Isije ikawa umehama kanisa moja ukaingia jingine.

Na swali la pili, la mtu aliyepima ardhi miaka thelathini na tatu. Umesema kati ya hiyo kumi, tisa ni ya mahali na mmoja ni wakati. Mnautofautishaje huo mmoja kwenye karatasi?

Tumeamua kufanya ibada ya shukrani na karamu mwezi wa kwanza. Usibishe.

Tulang wako,
Mangatur Pangaribuan


Trieste, 24 Novemba 1985

Tulang mpendwa,

Horas na shikamoo ya mbali. Barua yako imenikuta nina mafua lakini nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Mwambie Nantulang kwamba wali upo, ila wanaupika mpaka unakuwa uji na wanajisifu. Mwambie mama asipande zile ngazi, atume mtu.

Mwambie Baba Hotman anywe zaidi, huenda akafika kumi.

Tulang, mimi sikuhama kanisa lolote. Sikuamini, nilihesabu. Kurasa hamsini na moja, kwa mkono wangu. Nadharia hii inasema chembe zote za ulimwengu ni nyuzi ndogo zinazotetemeka, na hesabu ya nyuzi hizo inagoma kabisa kukaa sawa mpaka uupe ulimwengu mielekeo kumi. Sisi tunaishi katika minne. Kwa hiyo sita lazima ikunjwe, na namna za kuikunja hazihesabiki. Karibu zote huacha masazo, na masazo hayo yanaiua nadharia nzima. Nilichoonyesha mimi ni namna moja ambayo masazo yote yanafutana. Inabaki sifuri safi. Profesa Cossutti, mkubwa wangu hapa, aliniambia, "Kitu kizuri namna hii hakiwezi kuwa uongo." Makala yangu imekwenda kwenye vyuo mia mbili na kumi na vinne, Tulang, na tayari watu wa nchi nane wameitumia.

Hapana, hakuna aliyeiona mielekeo hiyo, na pengine hakuna atakayeiona katika maisha yetu. Hilo linawasumbua wengine. Mimi halininyimi usingizi.

Swali lako la wakati ni zuri kuliko maswali ya nusu ya watu wa jengo hili. Wakati tunautofautisha kwa alama. Kambi moja huuwekea wakati alama ya kutoa na mahali alama ya kujumlisha. Kambi ya pili hufanya kinyume. Zote ziko sahihi, na zinataniana kama watani wa jadi. Mimi ni wa kambi ya kutoa, Profesa ni wa kambi ya kujumlisha. Marufuku ni moja tu: usichanganye. Ukiazima fomula ya kambi ya pili, lazima uigeuze alama kabla hujaiingiza kwenye kazi yako. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo.

Kuhusu karamu, sibishi. Piga kifua, Tulang, nimekuruhusu.

Bere yako,
Tiarma


Balige, 19 Desemba 1985

Bere yangu,

Horas! Barua yako imefika imelowa lakini inasomeka. Sote tu wazima. Nyati wa mama yako amezaa. Mjukuu wangu ameota jino na ameng'ata kidole cha mchungaji wakati wa kubarikiwa, nami nimesema kanisani sijui tabia hiyo ameitoa wapi.

Barua yako nimeisoma mkahawani kwa sauti, neno kwa neno. Nilipofika pale pa "sikuamini, nilihesabu" nilisimama. Baba Hotman akauliza, "Na hizo kambi mbili, nani anashinda?" Nikamwambia anayeshindwa ni wewe, kwa sababu mfalme wako yuko hatarini na unazungumza. Kumbe hakuwa hatarini. Nilishindwa mchezo ule, lakini sikujali.

Ibada ni Jumapili tarehe 19 Januari. Ukoo wa baba yako umekubali, ukoo wetu umekubali, kwaya ya kina mama inafanya mazoezi. Mchungaji amenipa dakika kumi za kueleza. Nitaleta ubao. Tafadhali niandikie maneno machache ya kusoma mbele ya watu, yawe ya kujivuna kidogo. Ukiwa mnyenyekevu mno watadhani umefeli.

Tulang wako,
Mangatur


Trieste, 6 Januari 1986

Tulang,

Natumaini nyote hamjambo, na mama, na Nantulang, na nyati.

Huku kuna upepo wa baridi wa kutoka milimani. Wamefunga kamba kando ya barabara ili watu washike wasipeperushwe. Jana kofia ya mtu ilipita mbele ya dirisha langu.

Nina kazi nyingi. Maneno ya kusoma sikuyapata. Kama inawezekana ibada isogezwe mbele hadi Pasaka, nitashukuru. Kama haiwezekani, basi mshukuru kwa ajili ya afya yangu tu, ubao uuache nyumbani.

Tiarma


Balige, 29 Januari 1986

Bere yangu,

Horas. Barua yako ya tarehe 6 imefika juzi, tarehe 27. Posta nao wana mwelekeo wao.

Kwa hiyo karamu imeshaliwa. Acha nikuambie ilivyokuwa, kisha nitakuuliza kitu.

Watu walikuwa mia tatu. Samaki wa ziwani walipikwa kwa manjano na tangawizi mpaka harufu ikaingia kanisani katikati ya mahubiri, na mchungaji akafupisha. Mama yako alivaa vazi lake la arusi ya dada yako. Mimi nilipanda na ubao. Nilichora mistari mitatu, nikasema, hii mnaijua. Nikachora saa. Nikakunja karatasi sita, nikazipachika, nikasema, hii ndiyo aliyoifuata Tiarma wetu, na alipofika mwisho wa hesabu alikuta nini? Nikawafundisha kujibu. Mia tatu kwa pamoja: "Sifuri safi!" Mara tatu. Kwaya nayo ikadakia. Mama yako alilia na hakujificha. Bere, nina miaka sitini na saba na sijawahi kutembea nikiwa mrefu kama nilivyotoka kanisani siku ile.

Sasa swali. Wewe hujawahi kuniandikia chini ya kurasa tatu, hata ulipofiwa na baba yako. Barua hii ni ya upepo na kofia. Mama yako anasema ni mwanamume. Nantulang anasema ni tumbo. Mimi nimeisoma mara sita na nimeona umesema "ubao uuache nyumbani".

Niambie.

Tulang wako


Trieste, 20 Februari 1986

Tulang wangu mpendwa,

Horas. Mimi ni mzima. Hakuna mwanamume, na tumbo lina njaa tu.

Nilitaka kukuandikia hili Desemba, nikashindwa. Ile barua ya Novemba, niliyokueleza habari za alama, niliitumbukiza posta nikarudi ofisini nimefurahi. Nikafungua ukurasa wa thelathini na nne kujionyesha mwenyewe jinsi nilivyoigeuza vizuri ile fomula niliyoiazima kwa Profesa Cossutti.

Sikuigeuza.

Niliichukua ilivyo, na alama zake za kambi ya pili, nikaibandika katikati ya kazi yangu. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Desemba nzima nimerudia kurasa zilizobaki. Alama ikiwa sahihi, masazo hayafutani. Yanaongezeka maradufu. Sifuri haipo, Tulang. Haijawahi kuwapo.

Nimemwambia Profesa. Alisema nisiharakishe. Anasema nadharia ni nzuri mno, lazima kuna kitu kingine mahali fulani kitakachoziba pengo, na siku moja mtu atakipata. Nikamuuliza anajuaje. Akasema anaamini. Nafasi yangu hapa inajadiliwa Aprili, na makala hii ndiyo mguu inaousimamia. Hakuna mwingine aliyeliona kosa. Watu wa nchi nane, hakuna hata mmoja.

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Kisha ikaja barua yako ya karamu. Nimewasikia, Tulang. Mia tatu, na kwaya, na mama. Nikisema, wewe ndiye utakayeketi mkahawani na Baba Hotman. Wewe ndiye utakayepanda madhabahuni Jumapili watu wakikutazama. Mimi niko mbali, aibu yote itakuwa yako.

Kwetu neno la Tulang halipingwi. Kwa hiyo naliweka mikononi mwako. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza, na sitakulaumu kamwe.

Bere yako,
Tiarma


Balige, 2 Aprili 1986

Bere yangu,

Horas. Sote wazima. Ndama wa mama yako ana nguvu.

Najua umehesabu siku. Barua yako ilifika tarehe 12 Machi. Nilikujibu siku ile ile. Niliandika: nyamaza. Nikaandika sababu nne, zote nzuri. Nikafunga bahasha, nikalamba stempu, nikaitia mfukoni, nikatembea nayo siku kumi na moja. Kila nikipita posta nakumbuka nina haraka ya kwenda kwingine.

Nitakuambia kwa nini, na hili Nantulang mwenyewe hakulijua. Mwaka 1961 nilipima mashamba kumi na moja kule Laguboti. Utepe wangu wa kupimia ulikuwa umekatika mwanzoni na fundi akaunga, akapoteza kipande cha urefu wa kiganja. Niligundua nilipomaliza shamba la mwisho. Mawe ya mipaka yalikuwa yameshazikwa, karatasi zimeshapigwa muhuri, na mimi nilikuwa mpimaji niliyesifiwa na ofisi nzima. Nikanunua utepe mpya. Nikaamini kwamba kiganja kimoja hakimuui mtu. Miaka ishirini na mitano, nikipanda gari la kwenda Laguboti, nachagua kiti cha upande wa ziwa ili nisiyaone yale mashamba.

Nisingeweza kukutumia barua ile, Tiarma. Ningekuwa nakununulia kiti kando yangu.

Kwa hiyo Jumapili tarehe 23 nilimwomba mchungaji dakika kumi nyingine. Alidhani una habari mpya njema. Mama yako alikuwa anajua. Nilimsomea barua yako Jumamosi, akaenda kupiga pasi lile vazi la arusi, akalivaa tena. Nilipanda nikasema: Mwezi wa kwanza niliwafundisha kusema sifuri safi. Si sifuri. Bere yangu alikosea alama. Aliliona kosa mwenyewe, hakuna mwingine duniani aliyeliona, na amenieleza kwa mkono wake. Nikawasomea ulivyoandika, kasoro pale pa Baba Hotman.

Baba Hotman, kutoka benchi la nyuma, akasema, "Kwa hiyo tumerudi mitatu?" Walicheka, Bere. Sitakudanganya, walicheka sana, wakimwangalia mama yako na mimi. Masikio yaliniwaka moto. Nikasubiri wamalize. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikasema na la kwangu. Nikataja mashamba yote kumi na moja, jina kwa jina. Watoto wa wenye mashamba wawili walikuwa benchi la tatu. Hapo hakucheka mtu.

Basi neno langu, uliloomba, ni hili: sema. Na hata ungetaka kunyamaza sasa umechelewa, maana nimeshamwaga mtama mbele ya kuku wa Balige wote.

Tulang wako,
Mangatur


Trieste, 28 Aprili 1986

Tulang wangu,

Horas. Niliposoma barua yako nilipiga kelele ofisini, sijui ya hasira au ya furaha. Kisha nikalia, kisha nikamsomea Profesa Cossutti, nikimfasiria. Aliuliza Laguboti iko wapi. Nikamwonyesha kwenye ramani.

Ijumaa ilikuwa semina ya kila wiki. Niliomba nafasi. Niliandika fomula ubaoni kama ilivyo kwenye makala, nikazungushia ile alama kwa chaki nyekundu, nikasema, "Hapa nilikosea, na kuanzia hapa hadi mwisho hakuna kilicho cha kweli." Ilichukua dakika nne. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, hata kile cha Baba Hotman. Hawakucheka. Mgeni mmoja wa kutoka Kyoto alifunga daftari lake polepole. Kazi yake ya miezi mitano ilisimama juu ya yangu. Aliniinamia kichwa alipotoka, nami sijui kama ilikuwa shukrani.

Profesa aliuliza mbele ya watu kama bado naiamini nadharia ya nyuzi. Nikamjibu kwamba naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma, na kwamba hilo si jibu la swali lake. Akasema, "Hapana, si jibu." Kisha akaja akafuta ubao yeye mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu.

Nimechapa masahihisho na kuyatia kwenye bahasha mia mbili na kumi na nne. Ulimi umekauka kwa gundi. Nimeandika sababu ya kosa waziwazi, alama na ukurasa, na jina langu.

Nafasi yangu haikuongezwa. Walinieleza kwa upole. Nina hadi mwisho wa Mei, na Bandung wanataka mtu wa kufundisha. Narudi tarehe 7 Juni, uwanja wa Medan. Tulang, sitaki karamu, sina cha kuonyesha. Naomba tu uje wewe na mama.

Bere yako,
Tiarma


Balige, 16 Mei 1986

Bere yangu,

Horas! Sote wazima. Nimeshapima upya mashamba saba, manne yamebaki. Mwenye shamba mmoja hanisalimii na ana haki yake. Mgongo unauma. Baba Hotman ndiye anayenibebea vifaa, anasema hataki kupitwa na kosa jingine.

Gazeti la Medan wamesikia. Jumanne walimtuma kijana mmoja mwenye suruali ya kubana kuuliza kama Balige bado tunajivunia. Nikamkalisha, nikamwambia andika. Andika kwamba kosa lilipita mikononi mwa wasomi wa nchi nane wakalimeza, akaja kuliona yule yule ambaye lingemlinda kama angelinyamazia. Andika jina lake lote, Tiarma boru Silaen, yaani binti wa ukoo wa Silaen, uandike na la mama yake, na mwisho uandike Tulang wake ni nani. Akaniambia, "Mzee, hiyo si habari." Nikamwambia basi inuka kwenye kiti changu.

Ndege yako inatua saa ngapi? Mabasi mawili yameshapatikana na kwaya inadai la tatu. Mama yako anasema umekataza, na kwamba watu tisini ni wengi mno kumpokea mtu mmoja. Nimemwambia ahesabu tena. Hao tisini ni wa upande wangu tu.

Tulang wako,
Mangatur Pangaribuan